Kula Nje Unguja: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wasafiri wa Kutoka Tanga

Kila zinapokaribia sikukuu au likizo za shule, jamaa na majirani zangu wa Ngamiani huanza kunijia na maswali yale yale kuhusu safari ya Unguja, na zaidi ya nusu ya maswali hayo huwa ni ya tumbo. Nimeona ni afadhali niyaandike mahali pamoja. Majibu haya yanahusu hasa Mji Mkongwe na vitongoji vyake vya Ng'ambo. Kwa upande wa shamba nimegusa machache tu.

Nikishuka botini, niende kula wapi?

Swali hili kila mtu hulitanguliza, nami hulijibu kwa swali: utashuka saa ngapi? Unguja, kama ilivyo kwetu Tanga, chakula kina saa yake, na mtu anayetafuta jina la mkahawa kabla ya kuangalia saa hujikuta amekaa mbele ya meza nzuri akiletewa kitu kilichopikwa kwa ajili ya wakati mwingine. Asubuhi, mpaka kama saa tatu hivi, ni wakati wa chai ya tangawizi, maandazi yenye iliki, mbaazi au maharage ya nazi, chapati na supu. Mchana, kuanzia baada ya adhuhuri, ni wakati wa wali, pilau na biriani. Baada ya swala ya alasiri hutoka urojo na vitafunio vya kukaanga. Jua likizama moto huwashwa kando ya bahari, na baada ya isha hubaki kahawa na mazungumzo. Ukiomba biriani saa mbili usiku pengine utaipata, lakini itakuwa ile ya mchana iliyopashwa moto, na mwenye mkahawa hatakuwa amekudhulumu kwa sababu wewe ndiye uliyechelewa.

Nitakwenda asubuhi na kurudi alasiri ya siku hiyo hiyo. Muda huo unatosha?

Hautoshi. Wengi wetu hupitia Dar es Salaam kwa basi na kuvuka kwa boti inayochukua takriban saa mbili, na wapo wanaojaribu kwenda na kurudi kwa siku moja ili kuokoa gharama ya malazi. Kwetu husemwa "Tanga, waja leo waondoka leo," na huo ni msemo mzuri wa kanga, lakini kwa mlaji anayekwenda Unguja hauna faida, kwa sababu boti ya alasiri huondoka wakati sufuria za urojo ndiyo kwanza zinateremshwa jikoni. Lala japo usiku mmoja.

Kwa nini watu huisifu Forodhani na kuilaumu kwa wakati mmoja?

Kwa sababu wote wanaosema wana haki. Bustani ya Forodhani iko mbele ya Ngome Kongwe na Beit el-Ajaib, lile jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Jina lenyewe linatokana na forodha, yaani mahali pa kutoza ushuru wa bidhaa. Bustani ilitengenezwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, ikaja kukarabatiwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2009. Jioni wauzaji hupanga meza zao, taa huwashwa, na vijana wa makachu huwa tayari wamekusanyika ukingoni wakijirusha baharini kwa mitindo ambayo mama zao bila shaka wasingependa kuitazama.

Wanaoisifu huisifu kwa mahali penyewe: upepo wa bahari, watu wa kila taifa waliokaa kwenye ukuta mmoja na sahani mikononi, maji ya miwa yaliyokamuliwa na ndimu na tangawizi mbele ya macho yako. Wanaoilaumu huilaumu kwa bei, ambayo hupanda kwa mgeni, na kwa vijiti vya kamba, ngisi na kambakochi vinavyopangwa kwa uzuri wa kupigwa picha na ambavyo pengine si vya siku hiyo. Ushauri wangu ni kwamba Forodhani uende kwa vitu vinavyopikwa ukiwa umesimama hapo hapo, navyo ni mishkaki ya ng'ombe, muhogo wa kuchoma, chapati, mkate wa kumimina, na pweza ukimwona mwenyewe akikatwa. Kitu kilichokwisha kuiva na kusubiri kurudishwa motoni kipite. Mimi nililijifunza hilo kwa gharama, katika meza moja ambayo sitaitaja ilipokuwa, nilipovutwa na kamba wakubwa waliong'aa chini ya taa. Usiku ule nilikesha, na boti ya asubuhi iliyofuata ikawa ndefu kuliko safari ya kwenda Pemba kwa jahazi.

Jambo la mwisho kuhusu Forodhani ni la adabu ya biashara. Uliza bei ya kila kitu kabla hakijawekwa kwenye sahani, na uulize kwa Kiswahili chako cha Kitanga bila haya. Muuzaji akikutambua kuwa ni mtu wa mwambao, mazungumzo hubadilika.

Nitajuaje kama samaki na pweza ni wa siku hiyo?

Macho na harufu unavijua, kwa hiyo sitakufundisha mtu wa Tanga kumtazama samaki. Nitakukumbusha kitu ambacho tukiwa safarini huwa tunakisahau, nacho ni kuangalia mwezi. Pweza wa pwani huchokolewa wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kwa kuwa ndipo maji yanapokupwa mbali na miamba kubaki wazi. Kwa hiyo siku hizo pweza huwa wengi na wabichi, na siku za maji mafu huenda unayeuziwa ametoka kwenye barafu. Dagaa na vibua wao ni watoto wa giza, kwa sababu huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu ya kuwavuta. Nguru na jodari hutegemea upepo, na kusi linapokuwa kali, kati ya Juni na Agosti, vyombo vidogo haviendi mbali na bei hupanda.

Samaki wengi wa mjini hushushwa Malindi, kando ya bandari, na kuuzwa huko na katika soko la Darajani, ambalo jengo lake la zamani ni la mwaka 1904. Ukipita Darajani asubuhi ukaona meza zimejaa changu na hakuna pweza, jioni ukila usiagize pweza. Ni hesabu rahisi, na bado watu hawaifanyi.

Urojo wa Unguja una tofauti gani na wa kwetu?

Hili ni swali linaloweza kuvunja undugu, hivyo nitajibu kwa tahadhari. Kimsingi ni kitu kimoja, yaani mchuzi mzito wa rangi ya manjano uliotengenezwa kwa unga na bizari, wenye ukali wa embe bichi, ukwaju au ndimu, ambao humiminwa juu ya vipande vya viazi vya kuchemsha, bajia, kachori, pengine mishkaki na yai, kisha ukatiwa chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi nyembamba za muhogo zinazotakiwa kuliwa haraka kabla hazijalainika. Wengine huuita mix tu, na baadhi ya wazee wa Unguja huuita mbatata za urojo, jina ambalo kwa maoni yangu ndilo la haki, kwa sababu bila mbatata hakuna kitu.

Kwa ulimi wangu, wa Unguja umezidi wa Tanga kwa ukali, na muuzaji wake hana huruma na pilipili. Wa kwetu ni mzito zaidi na mpole zaidi. Huo ni ulimi wa mtu mmoja. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba urojo mzuri hauliwi katika mkahawa wenye vitambaa vya meza. Nenda baada ya alasiri, maeneo ya Darajani, Michenzani au vichochoro vya Mji Mkongwe, utafute sufuria iliyozungukwa na wanafunzi wa kike waliotoka chuoni pamoja na wanaume wanaorudi kazini. Kama kuna foleni, simama. Kama muuzaji anakuuliza unataka nini na nini kitiwe, mwambie akutilie kama anavyojitilia mwenyewe, na usiombe kijiko cha ziada cha pilipili mpaka uonje.

Urojo ukishapita magharibi haufai tena. Bajia zimekuwa sponji.

Ile pizza ya Zanzibar ni kitu gani?

Si pizza. Ni donge la unga linalotandazwa mpaka kuwa jembamba kama karatasi, likajazwa nyama ya kusaga, vitunguu, yai na mayonesi, likakunjwa pembe nne na kukaangwa juu ya chuma. Watu wa Mombasa wanao mkate wa mayai, na Waarabu wanayo mutabaki, na mtu akivionja vyote vitatu hatahitaji kuambiwa kuwa ni ndugu. Ile ya chokoleti na ndizi iliwekwa kwa ajili ya wageni, ingawa watoto wangu hawakubali maelezo hayo.

Mikahawa gani ya mchana inafaa kwa familia?

Miwili ninayoitaja mara nyingi ni Lukmaan, ulioko Mkunazini karibu na kanisa kuu la Anglikana, na Passing Show, ulioko barabara ya Malawi, si mbali na bandari. Yote ni ya chakula cha Kiswahili, watu ni wengi, na hakuna anayekutazama ukila kwa mkono. Pale Lukmaan vyakula huwa vimepangwa mbele yako, kwa hiyo huna haja ya kusoma karatasi. Unaonyesha wali wa nazi, mchuzi wa pweza, kisamvu, samaki wa kupaka, na unapakuliwa. Wageni wa kigeni wameujua siku hizi, na saa saba mchana nafasi ya kukaa hupatikana kwa subira.

Siku ya Ijumaa panga vizuri. Mji hutulia kwa ajili ya swala, milango mingi hufungwa kwa muda, na baada ya hapo watu wote hushuka kwa pamoja kutafuta biriani. Ama ule mapema, ama usali kwanza na wenzako kisha mwende pamoja nao.

Vyakula hivi vimetoka kwa nani?

Watu huuliza hivi wakitarajia jibu la neno moja, na halipo. Majina yenyewe yanasema mengi. Mkate wa ajemi umebeba jina la Uajemi, na pilau na biriani nazo zina asili ya huko ingawa biriani ilizunguka India kabla ya kutufikia. Chapati, bajia, kachori na achari ni za Wahindi. Halua na bokoboko, yaani ngano iliyopondwa na nyama mpaka vikawa kitu kimoja, ni za Waarabu, hasa wa Oman, ambao sultani wao Seyyid Said aliihamishia Unguja makao yake katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 na kuhimiza mashamba ya karafuu. Muhogo, mahindi, nanasi na pilipili vilitoka Amerika na kuletwa huku na Wareno. Tui, samaki, kisamvu na namna ya kuviunganisha ni vya watu wa mwambao wenyewe, na ndiyo maana mtu wa Tanga akila Unguja hahisi ugeni.

Kuna jambo ambalo huwa halitajwi. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia nyingi za Kiarabu na Kihindi ziliondoka, lakini sufuria hazikuondoka nazo. Mapishi yalikuwa yamekwisha kuingia mikononi mwa wapishi, majirani na wake wa ndoa za mchanganyiko, na leo mwanamke wa Ng'ambo anayekaanga kachori hamwoni Mhindi yeyote katika kazi yake. Hiyo ni kachori ya bibi yake. Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 kwa ajili ya majumba na milango yake, na mimi huona kwamba majiko yamehifadhiwa vizuri kuliko majumba.

Wageni wapya nao wameleta vyao. Kule Kiwengwa na Nungwi, ambako Waitaliano wengi hupumzika, utapata pizza ya kweli na tambi za kwao, na wafanyakazi waliotoka bara wamehakikisha kwamba ugali na nyama choma havikosekani.

Vipi kuhusu mikahawa ya fahari, ile ya juu ya paa na ule ulio baharini?

Ule wa baharini ni The Rock, uliojengwa juu ya mwamba mbele ya pwani ya Pingwe, Michamvi, upande wa kusini mashariki. Maji yakitoka unakwenda kwa miguu, yakijaa unapelekwa kwa boti. Unalipia mahali, na mahali ni pazuri kweli. Weka nafasi mapema na uangalie maji kabla ya kuvaa viatu vya gharama. Katika Mji Mkongwe, paa la Emerson on Hurumzi ndilo ambalo wenzangu hulisifu zaidi jua linapotua, nalo pia halifai kuendewa bila kuweka nafasi. Mimi hupanda huko mara moja kwa safari, mke wangu akitaka.

Nikienda mwezi wa Ramadhani nitakula?

Mchana hutakula hadharani. Unguja si Dar es Salaam katika jambo hili: mikahawa mingi ya mjini hufungwa mchana, kula mbele za watu kunakatazwa, na Machi 2024 polisi waliwakamata watu waliokutwa wakila. Mgonjwa, msafiri au asiye Mwislamu hula ndani ya nyumba ya wageni alikofikia, kwa staha.

Lakini baada ya magharibi sijui mwezi mzuri zaidi wa kula katika kisiwa kile. Tende, uji, mihogo na ndizi za nazi, kaimati, tambi, sambusa na samaki wa kukaanga hutoka kwa wingi usioonekana miezi mingine. Ukipata mwaliko wa futari katika nyumba ya mtu, acha mipango yako yote ya mikahawa na uende, ukibeba tende au matunda mkononi.

Pombe na nguruwe vinapatikana?

Pombe hupatikana katika hoteli za watalii na baadhi ya mikahawa yao. Mikahawa ya kienyeji haiuzi na si adabu kuiulizia. Nguruwe utamtafuta sana.

Asiyekula nyama atashiba?

Atashiba vizuri: maharage, mbaazi, kisamvu, mchicha wa nazi, muhogo na bajia havina nyama. Aulize tu kuhusu samli na supu ya kupikia wali, na mwenye matatizo ya karanga aulize kila mara, kwa sababu kisamvu hutiwa karanga na wengine.

Bei zikoje, na nikionyeshwa bei kwa dola nifanye nini?

Tofauti ni kubwa mno kutaja kiasi kimoja. Bakuli la urojo na chakula cha meza ya watalii viko katika dunia mbili, hata kama kati yao kuna hatua mia tu. Kuhusu dola, kanuni zilizotolewa Machi 2025 zinakataza bidhaa na huduma za hapa nchini kutajwa bei kwa fedha za kigeni, kwa hiyo omba bei ya shilingi kwa upole. Beba noti ndogo ndogo. Muuzaji wa kachori hana chenji ya asubuhi.

Kuna maneno ya jikoni yatakayonitatiza?

Machache. Viazi ulaya ni mbatata, nyanya ni tungule, kitunguu saumu ni thomu, mkate wa kawaida ni boflo. Ukisikia samaki wa chukuchuku, ni wa kuchemshwa kwa chumvi, ndimu na pilipili bila mbwembwe nyingine, na mgonjwa au aliyechoka na safari hana chakula bora kuliko hicho.

Kahawa nzuri iko wapi?

Barazani, kama kwetu. Mahali panapojulikana zaidi ni Jaws Corner, makutano ya vichochoro katikati ya Mji Mkongwe, ambapo wazee na vijana hukaa kwenye mabaraza wakibishana juu ya mpira na siasa, na muuzaji humimina kahawa chungu kutoka kwenye dele hadi katika vikombe vidogo. Nunua na kashata. Salimu kwanza, kaa pembeni, usipige picha watu bila kuomba, na usiingie katika ubishi wa siasa siku ya kwanza.

Nirudi na zawadi gani ya chakula?

Halua. Huchemshwa katika sufuria kubwa kwa wanga, sukari, samli na iliki, huku ikikorogwa kwa muda mrefu bila kuachwa, na huuzwa ikiwa imefungwa kwenye vikapu vidogo vya ukindu au vibati. Onja kabla ya kununua, kwa sababu samli mbaya hujitangaza mara moja, na uifunge vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, maana joto la basi kutoka Dar es Salaam mpaka Tanga huifanya itoe mafuta yote kwenye nguo. Mafenesi na doriani waachie wenyewe kule kule: kondakta hatakubali.